Machicha Yaliyozaa Nobeli

Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, hakuwa anatafuta kitu kipya. Kuanzia miaka ya 1880 alikuwa na kazi ya kuchosha ambayo wenzake wengi wasingeigusa: kupima uzito wa gesi, kwa tufe la kioo, tena na tena, mpaka tarakimu ya nne baada ya nukta itulie. Unalitoa tufe hewa yote kwa pampu, unalipima. Unalizungushia barafu ili joto lisimame kwenye nyuzi sifuri, unalijaza gesi, unalikausha, unalipima tena. Tofauti ndiyo uzito wa gesi. Hata hapo mtego upo: tufe likiwa tupu husinyaa kidogo kwa kubanwa na hewa ya nje, na mzani unadanganya kwa kadiri hiyo. Rayleigh ilimbidi aukokotoe usinyaaji huo na kuusahihisha.

Naitrojeni aliipata kwa njia mbili. Ya kwanza huanza na hewa ya kawaida: unaondoa unyevu na kaboni dioksidi, unaipitisha juu ya shaba iliyopashwa moto ikawa nyekundu, shaba inashika oksijeni, na kinachotokea upande wa pili ni naitrojeni. Njia ya pili hupitisha hewa ndani ya amonia kwanza. Ikifika kwenye shaba ya moto, oksijeni inaunguza haidrojeni ya amonia na kuigeuza maji, kisha naitrojeni iliyokuwa ndani ya amonia inachanganyika na ile ya hewa. Jina moja, gesi moja, lakini ile iliyotoka hewani tupu ilikuwa nzito zaidi kwa sehemu 1 kati ya 1,000.

Sehemu moja kati ya elfu ni kitu ambacho mtu mwenye haraka hukifuta kwa kifutio. Rayleigh akaikuza. Badala ya hewa akaweka oksijeni tupu, ili naitrojeni ya njia ya pili itoke yote kwenye amonia. Tofauti ikaruka hadi sehemu 1 kati ya 200. Lita ya naitrojeni ya hewani: gramu 1.2572. Lita ya naitrojeni ya amonia: gramu 1.2505. Kabla ya hapo, mwaka 1892, tofauti ikiwa bado ile ya sehemu moja kati ya elfu, alikuwa ameandika barua kwenye jarida la Nature akiwauliza wanakemia kama kuna mwenye maelezo.

Mwanakemia William Ramsay, aliyekuwa London, alichukua naitrojeni ya hewani akaipitisha juu ya magnesiamu ya moto, ambayo huila naitrojeni na kuigeuza unga. Akarudia, akarudia. Gesi ikazidi kupungua, na kadiri ilivyopungua ndivyo ilivyozidi kuwa nzito: kutoka mara 14 ya uzito wa haidrojeni hadi karibu mara 20. Kilichobaki hakikuungana na chochote walichokijaribu. Wakakiita agoni, kwa Kigiriki "mvivu". Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari la mita 3 kina karibu lita 450 za gesi hiyo, na hakuna aliyekuwa ameitambua. Henry Cavendish alikuwa ameikaribia mwaka 1785: alipopiga cheche za umeme kwenye hewa mpaka naitrojeni yote ikaisha, kipovu kidogo kisichozidi sehemu 1 kati ya 120 kilikataa kuondoka. Alikiandika, akaendelea na mambo mengine. Miaka 109 kipovu kile kilisubiri kwenye karatasi. Leo fundi anayechomelea stenlisi au alumini ananunua mtungi wa agoni kwa sababu ya uvivu uleule: haigusi chuma kilichoyeyuka, na inaizuia hewa isikiguse.

Mwaka 1904 Ramsay alipewa Nobeli ya kemia na Rayleigh ya fizikia. Kufikia hapo Ramsay na msaidizi wake Morris Travers walikuwa wamekwisha kupata gesi nyingine vivu za hewani, kriptoni, neoni na zenoni, zote mwaka 1898. Kriptoni waliipata kwa kuiacha hewa iliyogandamizwa ikawa kimiminika ichemke ijiondokee, kisha wakachunguza kile kidogo kilichobaki chini.

Kilichobaki chini. Anayekuna nazi anajua tui likishakamuliwa, machicha huenda kwa kuku. Orodha ya Nobeli za kemia tangu ya kwanza, ya mwaka 1901, mara nyingi husomwa kama orodha ya watu waliokamua tui zito. Ukiisoma kwa kufuata vyombo vyao, nyingi ya tuzo hizo zilitoka kwenye machicha: uchafu, masalia, kitu kisichotakiwa ambacho mtu alikipima kabla ya kukimwaga. Na si bahati. Bahati ya kuona uchafu kila mtu anayo. Mzani wa kuupima ndio wachache waliokuwa nao.

Marie Curie alikuwa na mzani wa namna nyingine. Pierre, mumewe, pamoja na kaka yake Jacques, walikuwa wamegundua kwamba fuwele ya kwatzi ikivutwa kwa uzito fulani hutoa kiasi cha umeme kinachojulikana. Marie aliutumia umeme huo kusawazisha mkondo mdogo mno unaozaliwa hewani na mionzi ya urani. Kwa hiyo hakusema "madini haya yana mionzi mingi". Alisema ni mara ngapi ya urani. Pichiblendi, madini ya urani kutoka migodi ya Joachimsthal huko Bohemia, ilitoa hadi mara 4 ya mionzi ya urani tupu. Kalkoliti, madini mengine ya urani, nayo ilizidisha.

Hapa ndipo alipofanya jaribio ambalo naliona zuri kuliko yale ya masufuria makubwa yanayosimuliwa kila mara. Alitengeneza kalkoliti yake mwenyewe maabara, kwa kemikali safi, muundo uleule. Kalkoliti ya kutengeneza ikatoa mionzi kidogo tu, kama urani iliyomo ilivyostahili. Basi ile ya ardhini ilikuwa na kitu kilichojificha. Julai 1898 wakatangaza elementi mpya, poloniamu, iliyofuatana na bismathi. Desemba mwaka huohuo wakatangaza radi (radiamu, si radi ya mawinguni), iliyofuatana na bariamu.

Kutangaza ni jambo moja, kuweka kwenye chupa ni jingine. Wanakemia walitaka kuona chumvi yake na uzito wa atomu yake. Malighafi ilikuwa machicha kwa maana halisi: mgodini urani ilikuwa imekwisha kutolewa kwa ajili ya kutia rangi vioo na vigae, na masalia yalimwagwa msituni. Yaliletwa Paris kwa magunia yakiwa bado yamechanganyika na majani ya misonobari, yakafunguliwa kwenye banda la mtaa wa Lhomond lenye paa linalovuja.

Kazi ilienda hivi. Masalia yale yalikuwa hasa salfeti, na radi ikiwa salfeti haimumunyiki karibu katika chochote. Kwanza yalichemshwa na soda kali ya kaustiki, yakaoshwa kwa maji, kisha yakapigwa kwa tindikali ya haidrokloriki. Vitu vingi viliondoka, radi ikabaki kwenye tope. Tope likachemshwa na sodiamu kaboneti, ndugu wa magadi ya Ziwa Magadi, ambayo huigeuza salfeti kuwa kaboneti. Likaoshwa sana. Sasa kaboneti zikayeyushwa kwa tindikali ya haidrokloriki iliyozimuliwa, na tindikali hiyo ilitakiwa isiwe na hata chembe ya tindikali ya salfuriki, kwa sababu chembe hiyo ingeirudisha radi kwenye salfeti, nawe unarudi ulikotoka. Hata kuosha kukilegea, salfeti iliyobaki kwenye tope inafanya kazi hiyohiyo ya kukuharibia. Marie alikoroga kilo 20 kwa mara moja, kwa fimbo ya chuma yenye urefu unaokaribia kimo chake.

Tani moja ya masalia iliishia kuwa takriban kilo 8 za kloridi ya bariamu yenye radi ndani yake, mionzi yake mara 60 hivi ya urani. Hapo kazi ya nguvu ikaisha na ya subira ikaanza. Kloridi ya radi humumunyika kidogo kuliko ya bariamu, basi ukiiyeyusha chumvi kwenye maji ya moto na kuiacha ipoe, fuwele za kwanza kujijenga chini zinakuwa na radi zaidi, kama mara 5 ya ile iliyobaki kwenye maji. Unamimina maji kwenye bakuli la pili. Unaziyeyusha fuwele upya. Fuwele za bakuli maskini zinakutana na maji ya bakuli tajiri, safu kwa safu, mpaka upande mmoja kuna bakuli za kutupa na upande wa pili kuna bakuli dogo linalong'aa gizani. Kadiri bakuli linavyokuwa dogo ndivyo vumbi linavyozidi kuwa adui. Banda halikuwa na namna ya kuzuia vumbi la chuma na makaa lisitue ndani ya fuwele zilizogharimu miezi. Mwaka 1902 alikuwa na desigramu moja, yaani gramu 0.1, na uzito wa atomu akauweka kwenye 225. Leo tunasema 226. Kwa banda lile, si haba. Nobeli ya fizikia alishiriki mwaka 1903. Ya kemia alipewa peke yake mwaka 1911.

Hadithi ya radi haikubaki Ulaya. Mwaka 1915 madini ya urani yaligunduliwa Shinkolobwe, Katanga, si mbali na Likasi ya leo. Yalikuwa tajiri kiasi kwamba kiwanda cha Wabelgiji cha Olen kilipoanza kuyachenjua mwaka 1922, bei ya radi ilianguka na migodi ya Marekani ikashindwa kushindana. Mgodi uleule ndio uliotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya atomiki ya mwaka 1945. Waliochimba walikuwa Wakongo, na katika hotuba za tuzo hutawasikia.

Kuna Nobeli moja ambayo mkulima yeyote anayenunua mbolea ya kukuzia anaishika kwa mikono. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, na ili kuipata lazima kwanza utengeneze amonia karibu kilo 28. Tarehe 2 Julai 1909, mjini Karlsruhe, Fritz Haber na msaidizi wake Mwingereza Robert Le Rossignol waliwaonyesha watu wa BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, mtambo wa mezani uliotoa amonia kimiminika tone kwa tone, karibu gramu 80 kwa saa. Kwa mwendo huo, mfuko mmoja wa urea ungehitaji saa 350, siku 14 na nusu bila kuzima. Asubuhi ile boliti moja ya mtambo ilikatika. Carl Bosch, aliyekuwa na safari, akaondoka kabla haujatengenezwa. Alwin Mittasch akabaki, akaona matone, na ushahidi wake ndio uliobeba mradi.

Alichokijua Haber ni hiki. Naitrojeni na haidrojeni huungana kwa shida. Ukipasha joto, zinaungana haraka lakini amonia inavunjika tena. Ukipoza, amonia inadumu lakini mwendo unakuwa wa kobe. Dawa ilikuwa shinikizo kubwa, karibu mara 200 ya hewa tunayovuta, joto kati ya nyuzi 500 na 600, na kichocheo. Hata hivyo kila gesi ikipita mara moja ni asilimia chache tu zinazogeuka. Basi akaipoza gesi ili amonia idondoke, iliyobaki akaizungusha tena na tena, na joto la gesi inayotoka likaipasha ile inayoingia. Kichocheo chake kilikuwa osmiamu, metali adimu mno.

Mittasch alitakiwa kutafuta kitu cha bei rahisi. Chuma kilikuwa kimejaribiwa tangu zamani na matokeo yake yalikuwa ovyo. Kundi lake lilitengeneza mitambo midogo yenye katriji za kuchomoa, ili sampuli ibadilishwe haraka bila kubomoa chombo, na likajaribu maelfu ya michanganyiko. Mwishoni mwa 1909 wakaweka kipande cha sumakuchuma kutoka Gällivare, Sweden. Kikafanya kazi karibu sawa na osmiamu. Wakaweka madini mengine ya chuma: hakuna. Wakaweka chuma safi kabisa: dhaifu. Basi kilichofanya kazi hakikuwa chuma peke yake. Ni chuma pamoja na taka zake.

Wakaanza upya na chuma safi, wakaongeza taka moja moja na kupima. Alumini kidogo ikaleta uhai. Potasiamu, zaidi. Kalsiamu pia. Sababu zilieleweka polepole: oksidi ya alumini huzitenganisha chembe za chuma zisiyeyukiane na kupoteza uso wake kwenye joto kali, nayo potasiamu hukifanya chuma kuwa mwepesi wa kumpa naitrojeni elektroni, kifungo chake kikalegea. Gerhard Ertl alipewa Nobeli ya 2007 kwa kuonyesha, hatua kwa hatua, yanayotokea juu ya uso wa kichocheo cha namna hiyo. Lakini kuna taka na taka. Salfa kiasi kidogo tu, au kaboni monoksidi iliyotoka kwenye gesi ya makaa, hukalia uso wa chuma na kuuziba. Kichocheo kinakufa, na mwenye kiwanda haoni chochote isipokuwa amonia inapungua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kiwanda cha amonia ni ya kusafisha gesi kabla haijafika kwenye kichocheo chenye taka zilizowekwa kwa makusudi.

Bosch naye alikuwa na tatizo la chuma, la upande wa pili. Mabomba ya chuma kigumu cha kawaida cha viwandani, chenye kaboni ndani yake, yalipasuka baada ya saa 80 hivi. Alipokata vipande na kuvitazama kwa darubini aliona kaboni imeondoka. Haidrojeni ya moto, kwa shinikizo lile, hupenya ndani ya chuma, inaungana na kaboni na kuwa methani. Chuma kinapoteza kile kilichokipa nguvu, na methani iliyonaswa ndani inakipasua. Akatenganisha kazi mbili. Ndani akaweka bitana ya chuma laini kisicho na kaboni, cha kuikabili haidrojeni. Nje akaweka chuma kigumu cha kubeba shinikizo, akakitoboa matundu madogo ili haidrojeni iliyopenya bitana itoke nje badala ya kukikalia. Kiwanda cha Oppau kikaanza Septemba 1913. Haber alipewa Nobeli ya 1918, licha ya kuwa ndiye aliyesimamia gesi ya sumu ya klorini vitani huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Bosch akapewa mwaka 1931. Mittasch na Le Rossignol hawakupewa. Kama ningekuwa nagawa mimi, fungu la Mittasch lingetoka kwanza.

Oppau hiyohiyo, tarehe 21 Septemba 1921, ghala la mbolea lililipuka na kuua zaidi ya watu 500. Mchanganyiko wa amonia salfeti na amonia naitreti ulikuwa umegandamana kama zege, na desturi ilikuwa kuulegeza kwa baruti ndogo. Ulikuwa umelegezwa hivyo mara nyingi mno bila madhara.

Mwaka 1953, mjini Mülheim, mtungi wa chuma ulimfanyia Karl Ziegler kiburi. Alikuwa akirefusha minyororo ya ethilini, gesi ambayo molekuli zake zikishikana nyingi huwa plastiki, kwa kutumia mchanganyiko wa alumini, dawa inayowaka ikigusa hewa na kulipuka ikigusa maji. Kawaida ilitoa minyororo ya urefu wa kati. Ghafla ikawa inatoa buteni tupu, yaani ethilini mbili zimeshikana basi. Mwanafunzi wake Erhard Holzkamp alihangaika kutafuta sababu mpaka akaikuta: chembe za nikeli zilizosalia ndani ya mtungi. Nikeli ilikuwa inakata mnyororo ukiwa bado mchanga. Mtu mwingine angesugua mtungi akaendelea. Ziegler akauliza: kama metali hii inakata, ipo inayorefusha? Wakapita jedwali la elementi metali baada ya metali. Zirkoniamu ikajaza mtungi kwa plastiki nyeupe. Titani ikafanya hivyohivyo kwenye chombo cha kioo, bila shinikizo, bila moto. Kabla ya hapo polithini ilihitaji shinikizo la zaidi ya mara 1,000 ya hewa, na hata hiyo ilifanikiwa pale tu oksijeni kidogo ilipovuja ndani ya mtungi, uchafu mwingine. Plastiki ya Ziegler ilikuwa na minyororo iliyonyooka, ngumu zaidi: ndiyo ya madumu na ndoo.

Giulio Natta, wa Milano, alichukua kichocheo hicho akakiwekea propilini, ndugu wa ethilini, mwaka 1954, akapata polipropilini yenye minyororo iliyojipanga kwa utaratibu. Waligawana Nobeli ya 1963. Wakati huo Tanganyika ilikuwa inaongoza dunia kwa katani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ikienda kuwa kamba za kufungia nyasi za mifugo huko Ulaya na Marekani. Kamba ya polipropilini haiozi, ni nyepesi, na ilikuwa bei chini. Sababu za kuanguka kwa mashamba ya Tanga na Morogoro ni nyingi, lakini hiyo ilikuwa mojawapo ya nzito.

Kichocheo kilekile kilikuwa na deni jingine. Mwaka 1967, Tokyo, katika maabara alimofanya kazi Hideki Shirakawa, mtafiti mgeni aliweka kichocheo cha Ziegler kwenye asetilini, gesi ya mafundi wa kuchomelea, kwa kipimo kilichozidi mara 1,000: palipotakiwa sehemu ya elfu ya moli pakawekwa moli. Kwa kipimo cha kawaida unapata unga mweusi usiofaa kitu. Kwa kipimo kile, juu ya kimiminika kukajijenga utando wa rangi ya fedha, unaovutika kama plastiki. Ulionekana kama metali ila haukupitisha umeme vya kutosha. Miaka karibu 10 baadaye, akiwa Pennsylvania na Alan MacDiarmid na Alan Heeger, wakaufukiza kwa mvuke wa iodini. Iodini hunyang'anya mnyororo elektroni hapa na pale, na nafasi zilizoachwa wazi zinawaruhusu majirani kusogea. Uwezo wa kupitisha umeme ukapanda mara milioni 10. Uchafu wa kwanza ulikuwa wa bahati mbaya, wa pili wa makusudi. Nobeli ya 2000.

Charles Pedersen wa kampuni ya DuPont ni wa kusemwa haraka, ingawa ni kipenzi changu. Hakuwa na shahada ya udaktari. Alijua malighafi yake ina asilimia 10 hivi ya katekoli isiyotakiwa, akaamua kuendelea hivyohivyo. Kati ya matokeo ya kunata alipata fuwele nyeupe kama nyuzi za hariri, asilimia 0.4 tu ya kazi yote. Haikuwa alichokitaka. Ila zilimumunyika kwenye methanoli mara tu alipoweka chumvi ya sodiamu, na jambo hilo halikumwacha alale. Ilikuwa pete ya atomu 18 yenye tundu katikati, ambamo ayoni za potasiamu, yaani atomu zake zenye chaji, huingia zikakaa. Akachapisha mwaka 1967, akapewa Nobeli mwaka 1987.

Osamu Shimomura alikamua viwavi vya baharini (yavuyavu) 10,000 hivi majira ya joto ya mwaka 1961, pwani ya jimbo la Washington, akitafuta kinachowang'arisha. Aliuzima mwanga kwa tindikali, akauamsha tena kidogo kwa magadi, akaona hafifu, akamwaga kwenye sinki. Sinki likawaka buluu. Lilikuwa linapokea maji ya bahari kutoka kwenye matangi, na kalsiamu ya maji hayo ndiyo iliyokuwa kiberiti. Alipokuwa akisafisha protini hiyo ya buluu, protini nyingine ya kijani ilijitenga pembeni. Aliitaja kwa ufupi tu mwaka 1962. Hiyo ya pembeni ndiyo iliyokuja kuwa taa ya wanabiolojia ndani ya seli hai, na kuleta Nobeli ya 2008.

Na Koichi Tanaka, fundi wa kampuni ya Shimadzu mjini Kyoto, mwaka 1985 alikuwa akitaka kurusha molekuli kubwa angani kwa leza bila kuzivunja. Unga laini wa kobalti ulitakiwa uchanganywe na asetoni. Akachanganya na gliserini. Unga ulikuwa ghali, akaona uchungu kuutupa. Akaupiga leza gliserini ikiwa bado inakauka, na molekuli zikaruka nzima. Kobalti ilimeza nguvu ya leza, gliserini ikaigawa polepole. Nobeli ya 2002.

Kobalti hiyo inatufikisha kwenye simu. Mwaka 1980, Oxford, John Goodenough alionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti inaweza kutoa na kupokea ayoni za lithiamu kwa volti 4. Stanley Whittingham alikuwa amefika volti 2 na kidogo kwa titani salfaidi, lakini lithiamu yake tupu iliota miiba wakati wa kuchaji, ikatoboa upande wa pili na kuwasha moto. Akira Yoshino, mwaka 1985, akaiondoa lithiamu tupu na kuweka kaboni ya koki ya petroli mahali pake. Nobeli ya watatu hao ilikuja mwaka 2019, Goodenough akiwa na miaka 97.

Katika betri hii uchafu hauna msamaha. Unyevu kidogo tu ukikutana na chumvi ya lithiamu iliyo kwenye kimiminika chake huzaa tindikali ya haidrofloriki, ambayo inakula oksidi ya kobalti na kutoa gesi. Kwa hiyo seli hujazwa ndani ya vyumba vilivyokaushwa kupita jangwa. Chembe ya chuma isiyoonekana kwa macho, ikibaki upande chanya, huyeyuka, inasafiri, inajijenga upya upande hasi kama mwiba, inatoboa utando wa plastiki uliotenganisha pande mbili, na betri inajipasha yenyewe. Seli inaweza kupita majaribio yote ya kiwandani na kuungua miezi baadaye.

Kwa sababu hiyo safari ya kobalti ni safari ya kuoshwa. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka ukanda wa Kolwezi na Likasi, huko Kongo. Udongo wake mweusi unapigwa kwa tindikali ya salfuriki pamoja na salfa dioksidi, kwa maana bila salfa dioksidi kobalti iliyoshikwa kwenye oksidi hugoma kuyeyuka. Shaba inavutwa nje. Chuma, alumini na manganizi vinaangushwa chini kama tope. Mwisho magnesia inaishusha kobalti ikawa haidroksidi yenye unyevu, kobalti yenyewe takriban asilimia 30 ikikauka, na hapo bado iko mbali na usafi wa betri. Kazi iliyobaki hufanyika hasa China. Inapakiwa kwenye mifuko mikubwa ya kunyanyuliwa kwa winchi, malori yanapita Kasumbalesa na Tunduma kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Mifuko yenyewe imefumwa kwa polipropilini.